Hazai, Hazalishi

Mpaka leo nikimwona mtu anachungulia kioo cha mwenzake, kiwe cha simu au cha kompyuta, nasikia kinyaa kinanipanda kooni. Si hasira. Hasira naijua, ninayo ya kutosha, na ikija inapita. Hiki ni kinyaa cha kukuta unywele kwenye uji ambao nusu yake umeshaumeza. Nilikipata Levolosi, mtaa wa mjini kwetu, kwenye steshenari nilikokuwa mpiga chapa, miaka ile ambayo soko huria lilikuwa limeshakolea na kila mwenye chumba kinachotazama barabara alikuwa ameingiza mashine ya fotokopi.

Chumba chetu kilikuwa na fotokopi, kompyuta, simu ya mezani na benchi la wateja. Benchi lilikuwa nyuma ya kiti changu, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mtu anakuja kutoa kopi ya cheti cha ubatizo, anakaa, anasubiri, na huku akisubiri anasoma. Anasoma barua ya talaka ya watu. Anasoma wasifu wa marehemu ambaye hata hajazikwa. Wengine walisoma kwa sauti, kisha wakamgeukia mwenye barua na kumpa ushauri ambao hakuuomba. Mimi nilikigeuza kioo kikatazama ukuta, lakini nikirudi kutoka kunywa chai nilikikuta kimegeuzwa tena kinatazama benchi.

Aliyekigeuza ni mwenye duka. Alikuwa mama kutoka Kilimanjaro, aliyeanza na mitumba ya watoto, akapanda mpaka akawa na chumba chake na mashine zake. Tulimwita Mama, wateja kwa wafanyakazi. Alikuwa mkarimu, sikatai, na chai yake ilikuwa na maziwa ya kweli. Lakini aliamini kwamba siri ni ya mtu mwenye kosa. "Mteja aone kazi yake inavyokwenda," alisema. "Hapa si polisi." Na alikuwa na ugonjwa mwingine: hakuweza kuvumilia kuona mstari mwekundu.

Kwa asiyejua, kikagua tahajia ni kile kitu ndani ya kompyuta kinachopita nyuma yako unapoandika, kikipiga mstari mwekundu chini ya kila neno kisilolijua. Cha kwetu kilikuja na programu ya kuandikia, ya kunakiliwa, iliyotoka Nairobi, na kilijua Kiingereza tu. Kiswahili hakikukijua hata salamu. Ukiandika barua ya Kiswahili ukurasa wote unakuwa mwekundu, isipokuwa maneno kama "pole" na "wake" na "vile", ambayo Waingereza nao wanayo kwa mambo yao mengine. Mama akipita nyuma yangu na kuuona wekundu ule alishindwa kupumua. Aliinama, akashika kipanya, akakubali neno lolote ambalo mashine ilipendekeza, mradi mstari uondoke. Ndivyo ratiba ya ibada ya usharika mmoja ilivyotoka dukani kwetu ikiwa na "Sale ya kufungulia" mahali pa sala, na mwinjilisti akaisoma hivyo hivyo madhabahuni. Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ni mimi niliyefuatwa dukani kwa ukali, na Mama alikuwa nyuma ya fotokopi akijifanya anaongeza wino.

Baada ya aibu ile alitafuta dawa, akaipata mwenyewe kwenye intaneti. Ilikuwa kiprogramu kilichoandikwa BURE kwa herufi za rangi ya machungwa. Kilinyoosha Kiingereza vizuri, tahajia na sarufi, na wateja waliokuwa wanaandikia wafadhili walifurahi. Shida ni kwamba hakikufanya kazi mpaka simu iwe imeunganishwa. Kila nilichokiandika kilipanda kwenye waya, kikaenda ng'ambo kusomwa na mashine ya watu nisiowajua, kikarudi kimesahihishwa. Niliiona taa ya modemu ikicheza kila nikimaliza sentensi, nikajiuliza ni nani huko amekaa kwenye benchi nyuma yangu.

Kisha akaja muuguzi mmoja mstaafu, bibi wa makamo mwenye sauti ya chini sana. Alitaka kumwandikia daktari aliyefanya naye kazi zamani, Mzungu aliyerudi kwao, amweleze juu ya uvimbe kwenye titi lake. Hakuwa amemwambia mtu mwingine, hata wanawe. Nilikigeuza kioo kikatazama ukuta, nikaandika kwa Kiingereza kama alivyonisomea, kiprogramu kikasahihisha, nikachapa, akaondoka. Kesho yake, mkandarasi mmoja alikuwa anaandikiwa zabuni ya mitaro pale pale, na pembeni mwa kioo likafunguka tangazo lenye picha ya titi la mwanamke na maneno ya kuuza dawa ya uvimbe. Mkandarasi akaguna, akasema, "Kumbe mnaangalia hizi huku?" Nililifunga tangazo, likafunguka lingine. Nilitoka nje nikasimama kwenye mtaro.

"Wamesoma barua ya yule bibi," nilimwambia Mama.

"Nani wamesoma?"

"Hao wa bure. Sasa wanamuuzia dawa kupitia kwa mtu wa mitaro."

"Na wasome. Mzungu huko alipo atamjua yeye ni nani? Atamsema kwa nani, kwa mume wake?"

Lile swali lake nilikuja kulikumbuka baadaye kuliko nilivyotaka.

Fundi wetu wa kompyuta alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na majivuno, anayetengeneza mashine za nusu ya mji na kuidharau nusu nyingine. Nilimweleza shida yangu: nataka kitu kinachojua Kiswahili na kisichopeleka maneno ya watu popote. Akasema kipo. Ni programu huria. Walioitengeneza wameiweka wazi, kila anayejua kazi hiyo anaweza kufungua na kuona inafanya nini ndani, kwa hiyo haiwezi kukuibia kimya kimya. Na ina kikagua tahajia cha Kiswahili, kilichotengenezwa na watu wa huku huku nchini. Haihitaji simu. "Maneno yako yanabaki chumbani kwako," alisema, na hilo lilikuwa kweli kabisa.

Mama aliposikia neno "huria" alikunja uso. Baba yake alikuwa fundi wa kiwanda, na kiwanda kile kilikufa baada ya soko huria kuingia. Mzee alirudi kijijini na kofia yake ya kazi, akaivaa shambani mpaka ikachakaa. Ni soko huria hilo hilo lililomletea Mama mitumba yake, lakini hilo hakulihesabu. Kwake huria ilikuwa jina la kitu kinachoingia kikisema kila mtu afanye apendavyo, halafu unabaki unaokota vipande. "Bure naielewa," alisema. "Bure ni zawadi. Huria ni fujo. Usiniletee fujo kwenye mashine yangu."

Tulibishana kwa muda mrefu, yeye na mimi na fundi, mpaka wateja wakaanza kuchukua pande. Kilichomshinda mwishoni ni simu. Alipoelewa kwamba huria haitumii waya, na kwamba ataweza kuongea na dada yake wa Moshi bila mimi kumwambia asubiri, aliacha ubishi. Fundi akaja na sidii, akaondoa ile ya Nairobi na ile ya bure, akaingiza huria. Menyu zote zilikuwa za Kiswahili. Wateja walicheka kuona kompyuta inasema "Hariri" na "Hifadhi", kama wanavyomcheka mtoto wa mjini anayejaribu Kimaa. Mimi niliipenda. Niliandika "Shikamoo" na hakuna mstari uliotokea, nikaona nimepokewa vizuri.

Lakini kamusi yake ilikuwa changa. Majina ya kwetu haikuyajua: Tengeru nyekundu, Olasiti nyekundu, Ngaramtoni nyekundu. Hayo si kitu. Tatizo kubwa lilikuwa vitenzi. Kiswahili chetu hiki, neno moja linabeba mtu, wakati, jambo na aliyetendewa, vyote ndani ya pumzi moja. Ukisema "alinifukuza" umeshasimulia kisa kizima. Nani angeweza kuyaorodhesha maneno kama hayo yote? Kwa hiyo mstari mwekundu ulikuwa unakuja na kuondoka, na kila ulipokuja, Mama aliinama begani kwangu na manukato yake, akabonyeza mahali palipoandikwa "Ongeza". Ukibonyeza hapo mashine inalipokea neno, haitalipigia mstari tena, na siku nyingine mtu akikosea neno linalokaribiana nalo, inampendekezea. Nilimwambia apunguze. "Mteja akiona wekundu anajua tumemharibia," alinijibu. "Ongeza."

Mimi nilikuwa na utaratibu wangu. Barua ya mtu nikishaichapa naifuta, na pipa la takataka la kompyuta namwaga. Anayetaka nakala anakuja na disketi yake, anaondoka nayo. Niliona nimefunga milango yote.

Duka letu lilikuwa karibu na magari ya upande wa Ngaramtoni yanaposhusha watu, kwa hiyo watu wa magharibi ya mlima wakishuka tu wanakuta bango letu. Ndivyo alivyoingia mama mmoja aliyevaa kitenge cha kwaya na sweta juu yake. Umri wake ulikuwa wa dada yangu mkubwa. Kwao ni Tengeru, alikuwa ameolewa huko juu kwa wafugaji wa Kiarusha, Walutheri kama yeye. Aliniuliza kwanza kama kile kioo kinageuka. Nikakigeuza, na kwa hilo tu akaniamini.

Barua yake ilikuwa ya baraza la wazee wa usharika wao. Mume wake alikuwa anaomba baraza limwache aishi na mwanamke mwingine kwa sababu nyumba haina mtoto. Miaka yote mama wa mume, mawifi, majirani walimwita tasa, wengine mbele yake, kwenye sherehe za watoto wa wenzake. Na yeye alinyamaza. Zamani walikwenda wote wawili kupimwa, akasikia kwa masikio yake daktari akimweleza mume kwamba kasoro iko kwake mume. Mume alimshika mkono njia nzima wakirudi, akamwomba iwe siri yao. Akaiweka. Sasa yule aliyeombwa kufichiwa ndiye anampeleka kikaoni kwa kosa lake mwenyewe.

"Nataka barua isomwe yeye akiwa amekaa pale pale," aliniambia. "Asijue kabla. Akijua kabla atatengeneza uongo. Nataka wazee wamwone uso wake anaposikia."

Hicho tu ndicho alichokuwa nacho. Hakuwa na cheti wala shahidi, alikuwa na uso wa mume wake usiojiandaa. Nikaandika: "Mume wangu hazalishi, na anajua." Mstari mwekundu ukatokea chini ya "hazalishi". Mama mwenye duka alikuwa anapita na karatasi za fotokopi. Hata hakusoma sentensi, namtetea kwa hilo, aliona wekundu tu. Akainama, akabonyeza "Ongeza", akaendelea na safari yake. Mteja wangu alikunja barua, akaiingiza kifuani, na mimi nikafuta kila kitu kama kawaida.

Siku chache kabla ya kikao chenyewe akaingia mwanamume mrefu, kofia mkononi, viatu vimepigwa rangi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa upole, akavuta kigoda akakaa pembeni yangu, si kwenye benchi. Alisema anataka barua ya baraza la wazee, akataja usharika, akataja jina la mke wake. Alikuwa mume wa yule dada wa Tengeru. Aliponisomea alikuwa na Kiswahili kilichonyooka, akaniambia mwenyewe alikipata kiwandani, alikofanya kazi tangu ujana mpaka kikafungwa. Alikuwa ndiye anayewasomea wenzake matangazo ubaoni.

"Andika: mke wangu hazai," akasema.

Vidole vikanisaliti. Niliandika "hazali". Mstari mwekundu. Nilitaka kufuta haraka, lakini Mama alikuwa ameshafika na mkono wake umeshafika kabla yake. Akabonyeza, na mapendekezo yakafunguka: juu "hazalishi", chini yake "hazai". Kioo kilikuwa kinatazama chumba, maana Mama alikuwa amekigeuza asubuhi ile.

Mwanamume aliyasoma yote mawili.

"Hilo la juu limetoka wapi?"

"Ni la kiwanda, baba," nikasema. "Kuna ripoti ya kiwanda tuliandika."

Akatabasamu, na lile tabasamu ndilo ninaloliona nikisema neno kinyaa.

"Binti, mimi neno hilo lilinifukuza kazi. Lilibandikwa ubaoni nikalisoma kwa sauti mbele ya wenzangu. Kiwanda hakizalishi. Mashine haizalishi. Hazalishi ni mtu."

Sarufi yake ilikuwa sahihi kuliko ya programu yoyote niliyowahi kuitumia. Herufi mbili za mwanzo zilikuwa zimeshamwambia kila kitu. Baadaye sana, nikiwa nafua nguo, nilikumbuka kwamba ningeweza kusema ni la mkunga. Mkunga naye huzalisha, na mkunga ni mtu. Lakini pale kigodani halikunijia, na hata lingenijia sidhani kama angelipokea.

Mama, aliyekuwa haelewi kinachoendelea, akaona mteja amevutiwa na mashine yake. "Hii inajifunza, baba," akasema kwa fahari. "Kila neno inalipata kwa wateja wetu wenyewe. Si ya kutoka Nairobi."

"Naona," akasema. "Futa yote, binti. Tuanze upya."

Barua ya pili haikutaja mtoto. Ilisema mke wake ametoa mambo ya ndani ya ndoa, ameyapeleka mjini kwa watu baki, yameingizwa kwenye mashine, na sasa mashine inayasema mbele ya kila mpita njia. Aliomba baraza limlinde na aibu hiyo. Aliisoma polepole, bila kupandisha sauti, na mimi niliiandika kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Hakukosea hata mahali pamoja. Kila neno lake kamusi ililijua, na ukurasa ulitoka safi bila mstari mmoja. Mama alifurahi sana.

Yaliyotokea kikaoni alinisimulia yule dada wa Tengeru mwenyewe, alipokuja wiki iliyofuata. Barua ya mume ilisomwa kwanza. Wazee wakamuuliza yeye jambo moja: ulikwenda Levolosi kuandikisha mambo ya chumbani, hukwenda? Akasema: nilikwenda, na barua ninayo hapa, naomba isomwe. Wakamwambia barua ya kudhalilisha mume haisomwi mbele ya baraza. Mzee mmoja alimwambia mwanamke mwenye heshima hubeba la nyumbani mpaka kaburini. Hakuna aliyeuliza kama ni kweli. Hakuna aliyemtazama mume usoni, na uso wenyewe ulikuwa umeshatulia, umeandaliwa. Akaamriwa aombe radhi. Mume aliruhusiwa kufanya alivyoona vyema, nao wakafunga kwa sala.

Watu waliokuwa wamekaa miaka yote wakimwita tasa hadharani, kwenye sherehe, kanisani, njiani kwenda kuteka maji, leo ndio walinzi wa siri! Siri ya nani? Walinizungukia kichwani, wale wazee na makoti yao, na benchi letu, na mkono wa Mama wenye manukato, na sikujua nichukie kipi kwanza. Nikalikumbuka swali la Mama. Wale wa ng'ambo walisoma titi la yule bibi, wakalifanya biashara, na ni wachafu, sitawasafisha. Lakini hakuna aliyemwita bibi kikaoni. Nilikuwa nimepigana ili macho ya mbali yasiione barua ya mtu, nikaiweka karibu, na karibu ndiko alikokuwa mume wa dada huyu.

"Nionyeshe hilo neno lilipokaa," dada akasema nilipokwisha kumweleza mume alivyolijua.

Nikamfungulia mahali pa maneno tuliyoyaongeza. Neno lilikuwa limekaa kati ya jina la kijiji na jina la mbolea. Alilitazama kwa muda, kisha akagusa kioo kwa kidole, kama mtu anayegusa paji la mgonjwa.

"Liondoe."

Nikaliondoa. Nikaondoa na mengine yote, Tengeru na Olasiti na kila kitu, na nikaizima hiyo "Ongeza" isibonyezeke. Fundi alipokuja nilimweleza. Akaniambia mashine haina kosa, imefanya ilivyoambiwa, ni watumiaji wasiojua kutenganisha kamusi ya mtu mmoja na ya mwingine. Alisema hivyo huku anakunywa chai ya Mama. Sikumwamkia vizuri tena tangu siku ile. Yule dada alirudi kwao Tengeru, akawa anauza ndizi sokoni, na kila nilipopita alinifungia fungu bila kunisalimu kwa maneno mengi. Aliwahi kuniambia kitu kimoja tu kuhusu barua yake: kwamba bado anatamani ingesomwa.

Miaka ikapita. Benchi lilibadilishwa likawa viti vya plastiki, kompyuta ikabadilishwa, lakini programu tuliendelea na ile ile huria, toleo jipya, kamusi nene zaidi. Mama alizeeka lakini mkono wake haukuzeeka. Na wekundu aliendelea kuuchukia.

Asubuhi moja aliingia msichana, ni mke wa mtu lakini nasema msichana, kitenge kipya, macho yamevimba. Alisema anataka barua ya baraza la wazee. Akataja usharika. Akataja jina la mume wake, yule yule mrefu wa kigodani, na mimi nikaacha kuandika.

"Endelea, dada," akasema, akidhani sijasikia. "Andika: nimeolewa miaka hii yote na naambiwa sizai."

Nikaandika. "Sizai." Nikangoja mstari mwekundu. Haukuja. Kamusi ililijua hilo neno, ilikuwa inalijua tangu siku ya kwanza, toleo la kwanza, kabla haijajua Tengeru ni wapi. "Sizai" ilikuwemo, "hazai" ilikuwemo, "tasa" ilikuwemo. Walioitengeneza kwa nia njema kabisa walichukua maneno kule yalikoandikwa, magazetini na vitabuni, na kule kote ndivyo ilivyokuwa inaandikwa. Nilichukia. Nilichukia mpaka macho yakaniuma.

Nilimfikiria yule wa Tengeru na fungu lake la ndizi. Siri ile haikuwa yangu. Lakini mwenyewe hakutaka iwe siri, alitaka isomwe, na walioigeuza siri ni wengine. Kioo kilikuwa kimetazama ukuta. Nikakigeuza kidogo kidogo, kikamtazama yeye peke yake. Chini ya sentensi yake nikaandika neno moja, lile la wa Tengeru, peke yake kwenye mstari.

Mashine ikalipigia wekundu hapo hapo.

Msichana alisogea akalisoma, midomo ikicheza bila sauti. Akanitazama mimi, akalitazama tena.

"Hapo umekosea, dada," akasema polepole. "Kuna wekundu."

"Sijakosea, mdogo wangu. Mashine ndiyo hailijui."

Nyuma yangu nikasikia manukato. Mama alikuwa ameshauona mstari, ameshanyoosha mkono, na mimi nikakifunika kipanya kwa kiganja changu.